Sahani za Kabatini

Lugha yetu imeliweka swali hili tayari ndani ya neno moja. Sahani ni chombo cha chakula, na sahani vilevile ni ile duara nyeusi ya santuri iliyobeba sauti za watu. Katika nyumba nyingi za Waswahili zimo sahani ambazo hazijapata kupakuliwa wali hata siku moja. Zimepangwa kabatini nyuma ya kioo, zikimngoja mgeni mwenye hadhi ambaye pengine hatakuja. Na katika nyumba chache, chache mno siku hizi, zimo sahani za santuri zilizowekwa vivyo hivyo. Nauliza basi: mwenye kuuhifadhi wimbo asiusikilize, na mwenye kuusikiliza hata ukaisha, ni yupi kati ya hao wawili aliyeutendea haki?

Aliyezoea simu ataliona swali hili halina miguu. Wimbo wa simu hauishi. Upige mara elfu moja, wala hautapungua hata nukta. Nami niliishi katika neema hiyo kwa takriban miaka kumi, ninunue bando asubuhi, muziki wa dunia nzima umo mfukoni hadi usiku. Swali lilinijia niliporejea kwenye santuri, kwa kuwa santuri ni chombo ambacho husikilizwa kwa kuliwa. Sindano hupita ndani ya mfuo, na kila ipitapo huchukua kitu kidogo isichokirudisha. Kwa gramafoni za kale, zilizozungusha sahani mara 78 kwa dakika, hali ilikuwa kali zaidi: mkono wake ulikuwa mzito, na sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila upande ulipomalizika, kwani ilikwisha kutafunwa nao mfuo uliotafunwa naye. Wimbo na sindano vilikulana. Sahani zilizofuata, zile za plastiki, ni stahimilivu kuliko hizo, na mashine nzuri huzikanyaga kwa wepesi. Lakini sisi wa mitaani hatukuwa na mashine nzuri. Tulikuwa na mashine zilizokuwapo.

Wapenzi wa ushairi wanayo sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, maana sahani ililigusa shairi la Kiswahili tangu siku yake ya kwanza. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa. Sahani za wakati huo zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa miti ya Bara Hindi, utomvu uleule uliotiwa katika lakiri ya kufungia barua za serikali, na upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu na ushei. Basi fikiri, msomaji: wimbo wa taarabu, ambao barazani waweza kwenda robo saa na zaidi, kiitikio kikirudi kwa raha zake na msikilizaji akiomba ubeti urudiwe, ukatakiwa uingie katika dakika tatu! Nyimbo zikagawanywa pande mbili. Beti zikachaguliwa, na zisizochaguliwa zikabaki vifuani mwa walioziimba. Sheikh Shaaban Robert aliandika wasifu wa bibi huyo kwa heshima kubwa, nasi twamshukuru. Lakini mimi kila niusomapo najiuliza juu ya zile beti zilizoachwa bandarini.

Kwa hiyo tusije tukajidanganya kwamba santuri ni utimilifu na simu ni upungufu. Santuri nayo ilikuwa mkasi. Na tusisahau kuwa ilikuwa kitu cha mwenye uwezo. Siti alizaliwa Fumba, kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa, akauza vyungu mjini kabla ya kuuza sauti. Sahani ziliipeleka sauti yake kwa watu ambao wasingeingia katika majumba alikoalikwa kuimba, lakini hata hao walihitaji jirani mwenye gramafoni, na dirisha lililo wazi. Simu imelifungua dirisha hilo kwa kila mtu. Mimi mwenyewe, mtu wa Mfaranyaki katika mji wa Songea, niliyejifunza kusoma mashairi kwa vitabu vya kuazima na kutafsiri kwa kamusi iliyokatika mgongo, sauti ya Siti niliisikia mara ya kwanza kwa simu, usiku, mvua ikinyesha juu ya mabati. Hakuna sahani iliyonifikishia. Atakayeilaani simu mbele yangu nitamkumbusha usiku ule.

Sahani nilizozikuta utotoni zilikuwa za ukoo mwingine. Tanzania Bara haikuwa na kiwanda kilichofanya kazi ya kuchapa sahani. Bendi zetu zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikatiwa katika kanda na kanda zikatiwa rafuni. Na bendi iliyotaka sahani ilifunga safari ya Nairobi. Huko ndiko zilikochapwa zile ndogo za mizunguko 45, zenye tundu kubwa katikati, za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, na za wengine wengi. Nyimbo ndefu ziligawanywa vilevile, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na aghalabu utamu wote wa magitaa ulikuwa upande wa pili, kana kwamba mwenye kuchapa alitaka kujua nani atajisumbua kuinuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Miaka hiyo sahani mpya zikaadimika, na za zamani zikapigwa zikapigwa hata zikawa nyeupe. Kisha kaseti zikazifunika zote.

Umeme wa Songea wakati huo ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na mji haukuunganishwa na Gridi ya Taifa hadi mwaka 2018. Gramafoni za mitaani kwetu zilikula mawe ya redio. Mawe yakichoka, sahani ilizunguka polepole na mwimbaji akazeeka mbele ya macho yetu, sauti ikishuka mpaka ikawa mkoromo. Sisi watoto tulicheka. Ni burudani ambayo hakuna simu itakayoiweza.

Sasa niseme santuri ilivyorejea nyumbani kwangu. Hapa mtaani alikuwapo mama mmoja, mjane wa miaka mingi, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Bibi. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori kati ya Songea na Dar es Salaam, na kila safari ya shehena nzuri alirudi na sahani moja, imefungwa katika khanga ili isipasuke barabarani. Uzee ulipomzidi Bibi, binti yake alikuja kumchukua wakaishi pamoja Mbinga. Kabla ya kuondoka aliniita, akanikabidhi sanduku la sahani arobaini na moja pamoja na mashine. Nilisema maneno ambayo mtu husema: nitazitunza, Bibi, hazitaguswa na mtu. Akanikata kauli. "Hapana, mwanangu. Vyombo vya kabatini ninavyo vyangu. Hizi zile watu."

Fundi redio alihangaika na mashine ile wiki mbili, akiutafutia mpira wa kuzungushia, na sindano ikaletwa na abiria wa basi. Siku ilipozunguka, jambo lililonishtua halikuwa utamu wa sauti. Wapo wanaosema sauti ya sahani ina joto ambalo simu haina. Nimekuwa nikisikiliza redio mbovu maisha yangu yote, sina sikio la kuhukumu joto. Kilichonishtua ni mwisho. Dakika chache zilipita, upande ukaisha, na nyumba ikanyamaza, isipokuwa sindano ikikwaruza katikati kama kuku. Hapakuwa na kitakachofuata mpaka mtu ainuke. Nikatambua kuwa kwa miaka kumi hapakuwa na wimbo ulioniuliza kama nautaka. Wa kwanza ukiisha wa pili uliingia, na wa tatu nyuma yake, hakuna hata mmoja uliopiga hodi. Nasi tuliofunzwa tangu utotoni kwamba hodi hupigwa mara tatu, na asiyeitikiwa huondoka, tumeukubali utaratibu huo ndani ya masikio yetu pasipo kuuona kuwa ni utovu wa adabu.

Wasomaji wa visiwani wanaijua adabu ya taarabu kuliko mimi, nisije nikamfundisha samaki kuogelea. Lakini nilipohudhuria usiku wa taarabu mjini Unguja, nilichokitazama zaidi ni wasikilizaji. Mtu huketi, ubeti ukamchoma, akainuka na noti mkononi, akatembea polepole mpaka mbele kumtuza mwimbaji, na ukumbi mzima ukamtazama ni nani aliyeinuka na kwa neno gani. Kusikiliza pale ni tendo lenye mashahidi. Waweza kugombana na mtu kwa kuinuka kwake. Sikio linatoa, tena hadharani, na likishatoa limeungama kuwa wimbo ulikuwa wake. Katika simu sikio halina pa kuinukia. Haliombwi kitu, na lisiloombwa kitu halijui kama linacho.

Yumkini mtu atanijibu kuwa nasifu umaskini tu. Kwamba mtu aliyekuwa na sahani tatu alizipenda kwa sababu hakuwa na nne. Jibu hili lina nguvu, wala silipuuzi. Njaa si kitoweo cha kumpendekezea mtu mwingine. Lakini kuna tofauti kati ya uchache na gharama. Uchache ni hali uliyokutwa nayo. Gharama ni kitu unachokitoa kwa kujua. Ninapoiweka sindano juu ya sahani ya Bibi najua kuwa kesho itakuwa imepungua kwa kiasi cha usikivu wangu wa leo, na ujuzi huo hunifanya niache kukata kucha. Sikuongezewa njaa. Nimeonyeshwa bei.

Na bei hiyo imeandikwa. Katika sanduku lile imo sahani moja ya Super Volcano ambayo mwanzo wake umesalimika, mwisho wake umesalimika, ila pale katikati magitaa yanapopokezana imelika hata yanasikika kama yanayopigwa nyuma ya pazia. Mtu aliinua mkono wa mashine akaurudisha palepale, tena na tena, miaka na miaka. Sikumwuliza Bibi ni yeye au ni marehemu. Simu nayo huhesabu tulivyosikiliza, tena huhesabu kwa ustadi kupita kiasi, lakini hesabu yake husomwa na wauzaji mahali tusipopajua. Hesabu ya sahani husomwa kwa sikio, na yeyote aliyemo chumbani.

Hapo ndipo swali langu la kwanza linapokuwa zito. Kama mapenzi ya Bibi yameila sahani, na mimi nikaendelea kuila, mwanafunzi wa kesho atasikiliza nini? Amana katika mafundisho yetu hurudishwa ikiwa kamili. Lakini huyu aliyeniachia amana ameniamuru niitumie! Je, nimtii yeye, au nimtii mtoto ambaye hajazaliwa na ambaye hana wa kumsemea?

Muda si mrefu akaja mtu. Siku hizi wapo wafanyabiashara wanaozunguka miji yetu wakitafuta sahani za zamani, kwani Ulaya na kwingineko wapo watu wanaozilipia fedha nzuri. Huyu alikuwa muungwana, alizijua sahani kuliko mimi, na bei aliyoitaja kwa sanduku zima ingeezeka nyumba. Alisema neno ambalo limebaki nami: kwamba kwake zitapata hifadhi bora, chumba kikavu, mikono safi, na hazitapigwa ovyo. Alisema kweli. Mwenye kumwuzia ili alipe ada ya mtoto mimi simlaumu hata chembe. Sahani hizi, hata hivyo, hazikuwa zangu kuuza.

Lakini Songea ni mji ambao maneno ya hifadhi bora huyasikia kwa sikio la namna yake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Maji Maji, na katika mashujaa waliouawa wakati wa vita hivyo yumo Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake na ambaye kizazi chake kinasimulia kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa, katika makumbusho ya mashujaa, akaomba radhi, na akaahidi kuwa kichwa hicho kitatafutwa. Haifai kulinganisha sahani na kichwa cha mtu, nami silinganishi. Nasema tu kwamba hapa kwetu kitu kinapokwenda kuhifadhiwa mbali, watu huuliza nani atakwenda kukiona.

Mwaka uleule wa 1906, Mjerumani mwingine, Karl Weule, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu, akazirekodi nyimbo za Wamakonde, Wayao na wengineo katika mirija ya nta. Mkusanyo huo uliingia katika Hifadhi ya Sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900. Nta ni dhaifu kuliko sahani yoyote. Kila kusikiliza ni kuikwangua. Basi wataalamu wa Berlin walibuni njia ya kuufunika mrija kwa shaba ili kupata kalibu ya kudumu, na katika kazi hiyo nta ya asili ikaangamia. Sauti ya kwanza iliharibiwa ili sauti isiharibike. Kisha vita kuu ya pili ikaja, sehemu kubwa ya mikusanyo ikachukuliwa hadi Leningrad, ikarejeshwa Berlin ya Mashariki, na baada ya Ujerumani kuungana ikarudi nyumbani mwake. Mwaka 1999 UNESCO iliitia hifadhi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Naistaajabia subira yote hiyo, na sina kejeli nisemapo hivyo. Ila nawafikiria waimbaji wa Newala. Walimwimbia mtu aliyekaa mbele yao. Kwa zaidi ya miaka mia sauti zao zimekuwa salama kuliko walivyokuwa wao wenyewe, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo hazikuwa na msikilizaji aliyelielewa neno hata moja.

Ni kazi ya kutafsiri iliyonionyesha njia, nijuavyo mimi. Mfasiri huishi kwa nakala. Najua kinachopotea: harufu ya chumba, mkono wa mwandishi, pumzi kati ya mistari. Lakini sijapata kuona shairi lililookolewa kwa kukataliwa tafsiri. Kwa hiyo nilimwita kijana wa jirani mwenye kompyuta, tukazinakili zote arobaini na moja, kila upande mara moja, milango ikiwa imefungwa na majogoo yakiwa yamelala. Suala la haki za waimbaji na warithi wao sikulisahau. Bara tunayo sheria yake ya mwaka 1999 na Zanzibar ya mwaka 2003, nami nakala hizo siziuzi wala sizitupi mitandaoni. Zipo kwa ajili ya yule mtoto. Huyo nimemlipa deni lake kadiri ya uwezo wangu.

Sahani zenyewe tunazila. Jumamosi baada ya magharibi wanakuja watu barazani kwangu, saba au kumi, mvua ikiwa kubwa wawili. Kila mmoja huchagua upande mmoja tu, naye ndiye huinuka kuiweka sindano. Vijana walidhani ni mchezo wa wazee. Sasa wao ndio wa kwanza kufika, na hugombana juu ya nani ameshachagua nini. Nimeona kitu ambacho simu haikupata kunionyesha: kijana aliyeshika sahani mkononi, akisita, kwa kuwa anajua kuwa chaguo lake litabaki limeandikwa.

Ile ya Super Volcano imezidi kulika. Pale katikati sindano sasa huruka, ikaacha maneno kadhaa na kuangukia mbele. Mwanzoni tulikuwa tunaguna. Kisha mzee mmoja anayeukumbuka wimbo akawa anayajaza maneno yaliyorukwa kwa sauti yake, bila kupoteza mwendo, na wengine wakamfuata. Hivi karibuni mzee hakuja, alikuwa na homa, na ilipofika pale kijana mmoja akadaka. Alilikosea neno moja. Neno alilolitia yeye halimo katika wimbo, nimehakiki katika nakala yetu. Lakini lina vina, mizani haikuanguka, na mimi ambaye kazi yangu ni maneno nililipenda kuliko la asili. Jumamosi iliyofuata mzee alipona, akaja, akaliimba la asili, na kijana akaliimba lake, wakati uleule, na baraza ikagawanyika.